Ekseli ya nyuma ya pikapu yenye turbo: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Mtu anayenunua pikapu ya Toyota Land Cruiser 79 yenye injini ya turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili iwe na nguvu zaidi), au anayeifungia turbo ile ya zamani yenye injini ya 1HZ, hukutana mapema na ushauri kwamba ekseli ya nyuma haitahimili na ni lazima ibadilishwe. Ushauri huo una chembe ya ukweli, lakini sababu zinazotolewa kwa kawaida si sahihi, na anayezifuata huweza kutumia fedha nyingi huku tatizo lenyewe likibaki pale pale.

"Turbo ndiyo inayokata hafu shafti"

Dhana hii kuhusu hafu shafti, yaani fito mbili za ndani ya ekseli zinazozungusha magurudumu, ndiyo iliyoenea kuliko zote, na hesabu fupi inatosha kuipima. Injini ya V8 ya dizeli, 1VD-FTV, iliyoingia kwenye pikapu hii mwaka 2007, hutoa nguvu ya msokoto ya Nm (nyutoni-mita) 430. Gia ya kwanza huizidisha zaidi ya mara 4, na difu, yaani gia za katikati ya ekseli, huizidisha tena karibu mara 4, kwa hiyo kinachofika kwenye ekseli kinaweza kupita Nm 6,500. Ukiweka gia nzito ya transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ambayo huzidisha kwa takriban mara 2.5, unafika zaidi ya Nm 16,000.

Sasa chukua 1HZ isiyo na turbo, yenye Nm 285 tu. Kwa gia ya kwanza na gia nzito ya transfa, nayo hupita Nm 11,000. Upande wa pili wa hesabu uko tairi: ikiwa ekseli ya nyuma imebeba tani 2 juu ya lami kavu, na nusu kipenyo cha tairi ni kama sentimita 39, tairi zote mbili za nyuma huanza kuteleza nguvu inapofika karibu Nm 6,000. Chuma hakiwezi kusokotwa zaidi ya pale tairi inapokubali kushika, isipokuwa kwa mshtuko wa ghafla. Maana yake ni kwamba hata injini dhaifu, ikiwa kwenye gia nzito, inaweza kuifikisha ekseli kwenye kikomo hicho, na kikomo chenyewe hupanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Vyuma vingi vinavyokatika hukatwa na mzigo mkubwa, tairi kubwa zenye mshiko mkali, na dereva anayeachia klachi kwa ghafla huku gari limenasa kwenye matope.

Turbo ina lawama yake, ila iko mahali pengine. Gari linalopanda mlima mrefu likiwa na mzigo na kushikilia gia ya nne badala ya kurudi ya pili hufanya hivyo kwa sababu injini ina nguvu zaidi, na nguvu hiyo hupita kwenye meno ya krauni na pinioni, gia mbili kuu za difu, kwa muda mrefu bila kupumzika. Oili huchemka na meno huchakaa mapema. Huo ni uchakavu wa miezi na miaka, tofauti kabisa na shafti kukatika siku moja.

"Ekseli nene zaidi inaruhusu mzigo zaidi"

Kisheria haibadilishi chochote. Uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari huhesabiwa kwa kuunganisha chesisi, springi, breki, rimu na tairi, na kuimarisha kiungo kimoja hakuvigusi vingine. Kiufundi pia, shafti ya ekseli ya 79 haibebi uzito wa gari hata kidogo: habu (kitovu cha gurudumu) hukaa juu ya beringi mbili zilizo kwenye hauzingi (ganda la nje la ekseli), na shafti kazi yake ni kuzungusha tu, ndiyo maana fundi huweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Toyota Hilux ni tofauti, kwani shafti yake huzungusha na pia kubeba uzito. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu huweza kutoka pamoja na kipande. Kwa mwenye Hilux anayebeba mizigo mizito, hoja ya kubadilisha ekseli ina uzito zaidi kuliko kwa mwenye 79.

Mzigo uliopita kiasi huumiza hauzingi kwanza. Ncha zake hupinda kuelekea juu, tairi huliwa upande wa ndani, sili za oili huvuja na beringi hufa mara kwa mara. Anayeona dalili hizi na kununua shafti ngumu amenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

"Spesa zinatosha kurekebisha upana wa nyuma"

Hapa 79 ina kasoro ya kweli, na inashangaza kwamba kiwanda kiliiacha kwa miaka mingi. Ili V8 iingie, upana kati ya magurudumu ya mbele uliongezwa ukafika milimita 1,555, lakini wa nyuma ulibaki 1,460. Tofauti hiyo ya milimita 95 hufanya tairi za nyuma zichimbe njia yake zenyewe kwenye mchanga badala ya kufuata iliyokwisha kukandamizwa na za mbele. Spesa, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu, za karibu milimita 47 kila upande husawazisha mistari, lakini husogeza gurudumu mbali na beringi, na kila shimo barabarani huipinda habu kwa mkono mrefu zaidi. Hauzingi pana, ambayo karakana za Australia zimekuwa zikiitengeneza, husogeza beringi pamoja na gurudumu. Ni ghali, lakini kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kubadilisha ekseli ya gari hili.

"Difu loki inaimarisha ekseli"

Kinyume chake. Difu loki ni kifaa cha kuifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Difu iliyo wazi hugawa nguvu sawa kwa shafti mbili. Ikifungwa, na gurudumu moja likiwa hewani, nguvu yote huweza kupita kwenye shafti moja.

"Ekseli yoyote ya Land Cruiser inaingia"

Wauzaji wa vipuri vilivyotumika hupenda kusema hivyo. Kuanzia mwaka 1999 mfululizo wa 70, ambao 79 ni mmoja wake, ulihamia kwenye nati 5 badala ya 6, kwa hiyo ekseli ya zamani itadai rimu tofauti na za mbele. Muhimu zaidi ni uwiano wa difu, yaani mara ambazo difu huzidisha nguvu. Ikiwa nyuma ni 3.9 na mbele ni 4.3, gari litatembea vizuri kwa magurudumu mawili, lakini mara utakapoweka manne kwenye ardhi ngumu, transfa na propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) zitapigana hadi kitu kimoja kikubali kuvunjika.

Kilichobaki ni ufungaji. Krauni na pinioni mpya hupangwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), kwa kupima nafasi kati ya meno na kuangalia alama ya rangi yanapogusana. Fundi anayekadiria kwa sikio anaweza kuiharibu seti nzuri kwa safari moja yenye mzigo. Safari za kwanza ziwe fupi, bila kuvuta tela, na difu iachwe ipoe kila baada ya nusu saa hivi. Oili ya mwanzo imwagwe baada ya kilomita 800 hivi, kwa kuwa itakuwa imebeba unga wa chuma wa meno yaliyokuwa yakizoeana.