Waziri Kiongozi wa Nagaland si chifu wala gavana

Kila zinapotufikia habari za kaskazini mashariki mwa India, Neiphiu Rio, mkuu wa serikali ya jimbo la Nagaland, hubandikwa cheo kipya kwa Kiswahili. Mmoja atamwita chifu wa Wanaga (kundi la makabila ya milima ya huko), mwingine gavana, mwingine waziri mkuu. Siku hizi kuna hata wanaoandika "rais wa Nagaland". Rio ni Waziri Kiongozi, na cheo hicho kina maana yake.

Nchini India, Waziri Kiongozi ni mkuu wa serikali ya jimbo. Anayeungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wa bunge la jimbo ndiye huitwa kuunda serikali, na idadi ikimpungukia anaondoka. Bunge la Nagaland lina viti 60, kwa hiyo namba inayotafutwa ni 31. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linalotusumbua ni kwamba sisi tumezoea maneno hayohayo yakiwa na kazi nyingine.

Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi tangu 1983 hadi 2010, mabadiliko ya katiba yalipoleta Makamu wawili wa Rais. Lakini yule wa Zanzibar aliteuliwa na Rais wa Zanzibar, na juu yake alikuwapo Rais huyo huyo, aliyechaguliwa na wananchi na mwenye madaraka kamili. Mwezi wa Januari 1988 Maalim Seif Sharif Hamad aliondolewa kwenye cheo hicho kwa uamuzi wa Rais Idris Abdul Wakil. Hakuna aliyehesabu kura za Wawakilishi. Kwa hiyo Mzanzibari wa makamo akisikia "Waziri Kiongozi wa Nagaland" humtafuta mkubwa aliye juu yake, akiambiwa yuko gavana, anahitimisha kwamba gavana ndiye mwenye jimbo.

Mkenya naye anakosea kwa njia nyingine. Tangu 2013 kaunti zake 47 zina magavana wanaopigiwa kura na wananchi wenyewe. Akisikia mkuu wa serikali ya jimbo, anasema huyo ni gavana. Gavana wa India hapigiwi kura na mtu. Anateuliwa na Rais wa India, na kwa kawaida hutoka jimbo jingine: La. Ganesan, aliyemwapisha Rio mwaka 2023, alikuwa mtu wa Tamil Nadu, kusini kabisa mwa nchi. Anaapisha, anatia saini, anasoma hotuba ambayo serikali ya jimbo imemwandikia. Ni kweli kwamba ibara ya 371A ya Katiba ya India inampa gavana wa Nagaland jukumu la pekee juu ya usalama, kwa sababu ya vita vya muda mrefu vya kudai uhuru wa Wanaga. Hata hivyo bajeti, mawaziri na miswada vinabaki mikononi mwa Waziri Kiongozi. Kumwita Rio gavana ni kumpa cheo cha mtu anayemwapisha.

Ukitaka kuielewa tofauti hii, ifuate safari ya Rio mwenyewe. Alizaliwa 1950 Tuophema, kijiji cha Waangami, mojawapo ya makabila ya Wanaga, katika wilaya ya Kohima. Aliingia bunge la jimbo mwaka 1989 kwa tiketi ya chama cha Congress, akawa waziri chini ya Waziri Kiongozi S. C. Jamir, tena waziri wa mambo ya ndani. Mwaka 2002 alijiuzulu akimlaumu Jamir kwamba anazuia suluhu ya suala la Wanaga, akahamia upande wa chama cha Naga People's Front (NPF). Uchaguzi wa 2003 ulipokwisha, Congress ilikuwa na viti 21 na chama cha Rio 19. Kwa mazoea yetu ya mshindi ni mwenye kura nyingi, Rio alikuwa ameshindwa. Lakini alikusanya washirika, chama cha kitaifa cha BJP kikiwamo, akapita nusu, na mwezi wa Machi akaapishwa.

Mwaka 2018 mambo yalijirudia, safari hii dhidi ya chama chake cha zamani. Alikuwa amehamia chama kipya, NDPP. Katika eneo lake la Northern Angami II hakupata mpinzani, akapita bila kupingwa. NPF ilipata viti 26, NDPP 18, BJP 12. NDPP na BJP pamoja ni 30, bado mmoja. Wakaongezeka wachache kutoka pembeni, na aliyekuwa na viti 26 akakaa upinzani. Wapo walioandika wakati ule kwamba Rio "ameiba" ushindi. Hakuiba. Hakukuwa na kura ya wananchi ya kumchagua Waziri Kiongozi hata iibiwe. Kulikuwa na chaguzi 60 za wabunge, kisha hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo humwangusha mtu pia. Mwisho wa 2007 wabunge kadhaa walimkimbia Rio; serikali yake ikanusurika kura ya kutokuwa na imani baada ya Spika kuzikataa baadhi ya kura, na Januari 2008 Delhi, yaani serikali kuu ya India, ikaliweka jimbo chini ya utawala wa Rais, likaongozwa moja kwa moja kutoka Delhi. Machi, baada ya uchaguzi, alikuwa amerudi. Mwaka 2014 aliondoka kwa hiari kwenda bunge la taifa, ambako Nagaland nzima ina kiti kimoja tu katika Lok Sabha, baraza lake la chini. Alipokuwa huko, nyumbani ilitokea siku ya kukumbukwa: tarehe 19 Julai 2017 Waziri Kiongozi wa wakati huo, Shürhozelie Liezietsu, alitakiwa kuthibitisha bungeni kwamba bado ana wabunge wa kutosha. Hakutokea. Siku hiyohiyo gavana akamwondoa, akamwapisha T. R. Zeliang.

Hapa wengi husema, "Unaona? Gavana ndiye mwenye nguvu." Hapana, na Nagaland yenyewe ina sehemu katika jibu. Mwaka 1988 wabunge 13 wa Congress walijitenga, mmoja wao, Vamuzo, akadai kwamba anao wabunge wengi, lakini badala ya hesabu kufanyika bungeni jimbo likawekwa chini ya utawala wa Rais. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi maarufu ya S. R. Bommai, ilisema uamuzi huo wa Nagaland, pamoja na ule wa Karnataka na wa Meghalaya, ulivunja katiba. Wingi unapimwa ndani ya bunge. Haupimwi kwa maoni ya gavana ofisini kwake. Ndiyo maana mwaka 2017 kiongozi aliitwa mbele ya bunge kwanza, na Zeliang naye akalazimika kupigiwa kura ya imani siku mbili baada ya kuapishwa.

Hili la "chifu" ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linawadharau Wanaga wenyewe. Machifu wapo miongoni mwao: Wakonyak wana Angh, cheo cha kurithi, na nyumba ya Angh wa kijiji cha Longwa imepitiwa katikati na mpaka wa India na Myanmar. Waangami, kabila la Rio, hawana utamaduni huo. Vijiji vyao vinajulikana kwa kuamua mambo kwa mabaraza ya koo na mabishano marefu, bila mtawala wa kurithi. Ukimwita Mwangami chifu kwa sababu tu ni kiongozi wa watu wa milimani, umefuta historia ya watu wake.

Na hao "Wanaga" wa kwenye vichwa vya habari hawaishi Nagaland peke yake. Wapo Manipur, Assam, Arunachal Pradesh na ng'ambo ya mpaka, Myanmar. Thuingaleng Muivah, kiongozi wa NSCN-IM, kundi lililopigania uhuru wa Wanaga, aliyetia saini makubaliano na Delhi tarehe 3 Agosti 2015, ni Mnaga wa kabila la Tangkhul kutoka Ukhrul, Manipur. Rishang Keishing, Mtangkhul mwenzake, alikuwa Waziri Kiongozi wa Manipur kwa vipindi kadhaa, na jimbo hilo lina Wameitei wengi kuliko Wanaga. Kwa hiyo hata anayepatia cheo anaweza bado kuteleza kwenye maneno yanayokifuata. Rio si Waziri Kiongozi wa Wanaga. Andika Waziri Kiongozi wa Nagaland, na kabila lake likihitajika, sema ni Mwangami.