Washa ya skrubu ya giaboksi hairudishwi
Wenye boti wengi huamini kwamba washa (kipete chembamba cha kuzibia) ya skrubu ya kumwagia oili ya giaboksi, ile sehemu ya gia ya injini ya boti inayokaa majini, maadamu haijachanika, inarudishwa tu na kukazwa zaidi. Sivyo. Washa hiyo huziba kwa kubonyea. Ikishabonyea mara moja, haikai tena vilevile. Ukilazimisha kwa nguvu utakula meno ya tundu, maana giaboksi ni alumini, na hapo gharama si ya washa tena.

Giaboksi yenye moto ikipoa majini huvuta ndani, na maji hayahitaji upenyo mkubwa. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, yameshaingia (ingawa hata sili (mpira wa kuzibia) ya shafti ya propela, ikikatwa na mshipi wa kuvulia, huleta hayohayo). Kila unapobadilisha oili, weka washa mpya kwenye skrubu zote mbili, ya juu na ya chini. Chungulia tunduni kwanza: ile ya zamani hupenda kuganda humo.