Umeacha nyama, sawa, sasa unakula nini?

Kuna meku mmoja, yaani mzee wa Kichagga, wa huku Kiborloni, Moshi, alikuja kliniki yetu ya lishe amenuna kweli kweli. Miezi mitatu nyuma alipimwa akakutwa LDL, ile kolesteroli mbaya, iko 4.4 (mmol kwa lita), na tunapenda iwe chini ya 3, kwa mwenye kisukari au aliyewahi kuugua moyo ishuke zaidi ya hapo. Tukakaa tukaongea akaapa anaacha nyama, na ameacha kweli jamani, hata kipaimara cha mjukuu wake alikaa anaangalia wenzie wanakatiwa ndafu, ile mbuzi mzima wa kuchoma, yeye anakula ndizi. Karudi kupima, 4.5. "Sasa daktari, si bora ningekula tu!" Mi sio daktari ni mtu wa lishe ila nimeshazoea.

Nikamwambia meku, nitajie ulichokula jana, usifiche. Asubuhi chai ya rangi na maandazi matatu. Saa nne kahawa kijiweni vikombe vitatu. Mchana wali wa nazi na maharage yaliyoungwa nazi, jioni chapati mbili na kabichi ya kukaanga, mafuta ya mawese kutoka kwenye dumu. Kweli hamna nyama hapo, hamna yai wala siagi, ni mimea mitupu. Ila ukimuondolea yale maharage na kabichi, sahani yake nzima ni unga mweupe, wali mweupe na mafuta yanayoganda.

Hapo ndo wengi wanapigwa chenga. Kwenye chupa ya mafuta utakuta wameandika haina kolesteroli, na ni kweli, maana hakuna mmea wenye kolesteroli ya maana, hata nazi haina. Lakini kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu yako hukuila, ini lako limeitengeneza, na ukila mafuta yanayoganda kwa wingi ini linakuwa zito kuivuta LDL kutoka kwenye damu kwahiyo inabaki inazunguka tu na kujibandika kwenye mishipa ya moyo. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo, mawese karibu nusu, alizeti ni kama 11 hivi. Huna haja ya maabara kuyajua, subiri Julai na baridi yetu hii, amka asubuhi uangalie dumu jikoni: la mawese limeshakuwa zito au limeganda kabisa, la alizeti linakuangalia tu.

Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walifuatilia data za watu zaidi ya laki mbili wa Marekani wakawagawa kwa aina ya mimea wanayokula. Waliokula mimea ya maana, nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda, kunde, karanga, hatari ya ugonjwa wa moyo ilikuwa chini. Waliokula mimea ya soda, chipsi na unga mweupe hatari ilikuwa juu. Wote mimea!

Sasa turudi kwenye maharage ya meku maana ndo dawa aliyokuwa nayo bila kujua. Ini linatumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo inashuka utumboni inasaidia kusaga mafuta, halafu nyingi inafyonzwa na kurudi kwenye ini itumike tena. Ule utelezi unaouona kwenye bamia, kwenye mlenda, na ule uzito wa mchuzi wa maharage uliolala, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, hizo zinainasa nyongo inatoka na choo. Ini likiona nyongo imepungua inabidi litafute malighafi, na linaichukua wapi? Kwenye damu. Maharage yaliyopikwa gramu 130 kwa siku, yaani kama robo tatu ya kikombe, yanashusha LDL kwa kama asilimia 5. Peke yake ni kidogo, ila vitu hivi vinajumlishwa. Profesa David Jenkins wa Toronto, Kanada, mwaka 2003 aliwapa watu soya, lozi, nafaka na mboga zenye utelezi kama shayiri na bamia, pamoja na majarini iliyoongezwa viini vya mimea vinavyozuia kolesteroli isifyonzwe. Mwezi mmoja LDL ikashuka karibu asilimia 29, karibu sawa na kundi lililopewa dawa ya kushusha kolesteroli. Lakini pale walikuwa wanapewa chakula. Baadae walipoachiwa watu wajipikie wenyewe nyumbani kwa miezi sita ikashuka kama 13, ambayo kwangu bado ni nzuri sana.

Lozi bei yake mnaijua, kula karanga, konzi moja, zisizo na chumvi. Shayiri inalimwa hapa hapa Monduli na Siha sema nyingi inaishia kwenye bia. Na kiburu chetu jamani! Ndizi na maharage kwenye sufuria moja, bibi zetu walishamaliza kazi, sisi ndo tumekuja kukimwagia mafuta juu. Ponda parachichi nusu weka pembeni, kama tunavyofanya kwenye makande, mafuta yake hayagandi na nyuzinyuzi zipo. Magadi weka kiasi kidogo sana kama una presha, ile ni sodiamu kama chumvi tu.

Arusha huwa naulizwa, mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa na hawafi moyo? Swali zuri, na lilishachunguzwa hapa hapa kwetu, mtafiti Mmarekani George Mann aliwapima miaka ya 60 akakuta kolesteroli iko chini kabisa, baadae uchunguzi wa maiti ukaonyesha mishipa ilikuwa na mafuta yaliyojibandika ila ilikuwa imepanuka. Hao walikuwa watu wa kutembea kutwa nzima, wembamba. Wewe unapanda bodaboda kwenda kununua mshikaki.

Kahawa nayo isikimbie. Ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi ina kafestoli, inapandisha LDL. Kikombe kimoja sio kesi, vitatu kila siku ni kesi, ukiipitisha kwenye karatasi ya kuchujia kafestoli karibu yote inabaki pale.

Anayetumia atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, asiache kisa ameanza bamia, na kama kwenu watu wanaanguka na moyo wakiwa na miaka 40, kolesteroli hiyo inaweza kuwa ya kurithi, mboga haitoshi. Anayeacha vya wanyama vyote kabisa, maziwa na mayai pia, atafute vitamini B12 maana mimea haina.

Meku tumebadilishana naye hivi: alizeti, inapimwa kwa kijiko sio kumimina, maandazi Jumapili tu, kiburu mara nne kwa wiki, dona badala ya chapati. Akakubali yote, akasimama mlangoni akauliza, na Disemba watoto wakija kutoka Dar? Nikamwambia ndafu ya Krismasi kula, kipande, kisusio, ile supu ya damu, achia wengine. Tarehe ya kupima tena tumeweka mwisho wa Januari. Alitaka wiki ya kwanza, nikakataa.