Je, wajua kwa nini kuna mechi ya kriketi inayochezwa katikati ya bahari?

Kusini mwa Uingereza, kati ya Southampton na Kisiwa cha Wight, kuna mlango wa bahari uitwao Solent. Meli za makontena hupita hapo, za abiria hupita, na mashua za matanga ndiyo usiseme. Basi hapo hapo, mara moja kwa mwaka majira ya joto yakielekea ukingoni, watu waliovaa nguo nyeupe hushuka mashuani na magongo yao, huchomeka vijiti vya wiketi mchangani na kuanza kucheza. Saa moja haiishi, uwanja umeshamezwa na maji.

Uwanja wenyewe ni fungu la mchanga liitwalo Bramble Bank. Siku nyingi huwezi kuliona. Wenyeji wa pwani yetu watakuwa wameshabahatisha jibu: bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa mstari mmoja na dunia, mivuto yao ikasaidiana. Maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Lakini si kila bamvua lina nguvu sawa. Yale makubwa hasa huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Ndiyo maana mechi huwekwa mwishoni mwa Agosti au Septemba. Machi nayo ingefaa, ila kwa baridi ya maji ya kule, nani ashuke?

Kingine: maji ya bamvua yana saa zake, na kila mahali pana zake. Unguja hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na utawaona watu wametapakaa mwambani wakitafuta pweza. Solent hupwa karibu na saa 12, asubuhi au jioni. Kwa hiyo wachezaji huchagua kuamka alfajiri au kukimbizana na magharibi.

Uwanja hauna nyasi wala usawa. Mchanga umelowa na madimbwi yamebaki huku na huku, kwa hiyo mpira ukidunda dimbwini hautoki: unatua “chubwi!” na mdakaji anaufuata huku maji yakimrukia. Watazamaji husimama pembeni miguu ikiwa majini, mashua zao zikingoja nyuma.

Timu ni mbili: Royal Southern Yacht Club ya kijiji cha Hamble, na Island Sailing Club ya Cowes, ng'ambo kisiwani. Wote ni watu wa matanga, na kriketi yao, tuseme ukweli, ni ya kujifurahisha. Mikimbio, yaani alama za kriketi, haiamui kitu. Vilabu hivyo hushinda kwa zamu, mwaka huu huyu, mwakani yule, kisha wote huenda kula pamoja.

Kwa manahodha, fungu hilo hilo halina mzaha. Tarehe 11 Novemba 2008, meli maarufu ya abiria QE2 ilikwama pale ikiingia Southampton kwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa Dubai. Ilibidi boti za kuvutia meli ziivute, maji nayo yakijaa, ndipo ikanasuka.