Tiba ya saratani Kanda ya Ziwa huanzia wilayani

Mama wa Biharamulo ana uvimbe kwenye titi. Mashine ya mionzi iko Bugando, Mwanza, lakini kinyama cha kupima kinaweza kukatwa hukohuko wilayani. Mimi ni daktari wa saratani, na kwangu hapo ndipo matibabu hunyooka au huharibika.

Madaktari wenzangu wa wilayani, kinyama kikishakatwa kitumbukizwe papo hapo kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, nyingi kiasi cha mara 10 ya ukubwa wake, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu kitaanza kuoza kikiwa kwenye basi, na maabara haitapata cha kusoma. Kikikaa kwenye formalini zaidi ya saa 72, vipimo vya homoni vinaweza kupotosha, nami nitashindwa kujua kama vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni inayokuza saratani, vitamfaa. Juu ya chupa andikeni jina, umri, titi la upande gani, na namba mbili za simu: yake na ya ndugu. Tafadhali, ya ndugu msiisahau. Laini hubadilishwa, simu huzimika, na majibu hubaki kwenye faili huku uvimbe ukikua.

Majibu yakitoka, daktari wa wilaya apigiwe simu siku hiyohiyo. Yeye ndiye anayemfahamu mhudumu wa afya wa jamii atakayefika hadi mlangoni.

Mengine hayahitaji safari kabisa. Shingo ya kizazi huchunguzwa kwa kupakwa siki na kuangaliwa, kwenye kituo cha afya. Wanawake wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya saratani hii ni takriban mara 6 ya wasio na VVU, wachunguzwe kliniki ileile ya CTC wanakopata huduma ya VVU. Hata damu kabla ya kila dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, ipimwe wilayani. Inaniuma sana mtu akikopa nauli, akasafiri usiku kucha, ndipo aambiwe chembe nyeupe za damu ziko chini, arudi nyumbani.

Mionzi ndiyo haihamishiki. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi ni dozi 25 za mionzi inayopigwa kutoka nje ya mwili, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha mionzi inayowekwa ndani, kwenye shingo ya kizazi yenyewe, na yote yaishe ndani ya wiki 8. Akikatiza, uwezekano wa kupona unapungua. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Geita na Kagera foleni ya kivuko, jambo la kushukuru sana, ila pa kulala wiki zote hizo bado ni shida kwa wengi. Kwa hiyo, madaktari wenzangu, mnapoandika rufaa muulizeni mgonjwa atafikia kwa nani Mwanza. Kama hana mtu, wapigieni ustawi wa jamii wa hospitali anakokwenda kabla hajapanda basi.