Kwa nini mdomo hukauka ilhali tezi za mate zingali hai?

Mtu mwenye afya hutoa mate nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mwenye ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili huzishambulia tezi za mwili wenyewe, huweza kushindwa hata kumeza kipande cha mkate bila kukishushia maji. Ugonjwa huu una jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeeleza wagonjwa 19, wote wanawake, katika tasnifu yake ya mwaka 1933. Hadi leo, karibu tisa katika kila wagonjwa kumi ni wanawake.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba seli za kinga huivamia tezi na kuitafuna kama dumuzi atafunavyo mahindi ghalani: tezi ikiisha, mate yameisha. Picha hiyo ina ukweli wake. Vitezi vidogo vya ndani ya mdomo wa chini vikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, huonekana zimerundikana kuizunguka mifereji ya mate. Rundo huhesabiwa likifikisha seli 50, na rundo moja katika kila milimita 4 za mraba huunga mkono utambuzi wa ugonjwa. Limfosaiti hizo ni za aina mbili kuu, seli T na seli B. Mwanzoni seli T ndizo nyingi. Uvamizi ukikomaa, seli B huongezeka.

Lakini wingi wa marundo haulingani vizuri na ukavu. Wapo wenye marundo mengi ambao mate bado yanawatoka, na wapo waliokauka huku sehemu kubwa ya tezi zao ikiwa nzima. Tena pilokapini, dawa itokanayo na jaborandi, mmea wa Amerika Kusini, huwarudishia wengi mate kiasi. Tezi iliyokufa isingeitikia dawa.

Basi fikiria ghala lenye milango mingi, kila mmoja na kufuli lake. Neva hutuma funguo, yaani kemikali ya asetilikolini. Tundu la kufuli ni kipokezi kiitwacho M3, kwenye ngozi ya seli ya tezi. Ufunguo ukizunguka, kalisi hupanda ndani ya seli, chumvi hutoka, na maji huifuata hadi mferejini. Sasa kijiti kivunjikie tunduni. Mali ingalimo ghalani, ufunguo ni uleule, ila hauingii. Baadhi ya kingamwili, yaani protini za kinga zitengenezwazo na seli B, huenda ndizo vijiti hivyo, na pilokapini ni shada la funguo za ziada kwa kufuli zilizosalimika. Nasema huenda kwa sababu vipimo vya maabara mbalimbali havijakubaliana, wala kingamwili hizo hazionekani kwa kila mgonjwa. Saitokaini za seli T, yaani kemikali ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, nazo zinashukiwa kuidumaza tezi.

La ajabu kuliko yote, seli za tezi yenyewe hutoa BAFF, protini inayozipa seli B uhai mrefu. Mwenye ghala anawalisha wavamizi! Seli B zikichochewa hivyo miaka mingi, wagonjwa wachache, takriban 5 katika 100, hupata limfoma, yaani saratani ya limfosaiti. Ndiyo maana uvimbe usiotulia wa tezi iliyo mbele ya sikio hupimwa mapema.