Leseni ya boti ya mfereji: kwa nini kila Aprili inapanda

Haipiti wiki bila ujumbe kutoka kwa kijana wetu wa London au Leicester: "Kaka, kodi ya nyumba imenishinda. Nikinunua boti nikaishi kwenye mfereji, si nitapumua?" Kazi yangu ni kukagua usalama wa boti kwenye mifereji ya Uingereza. Naangalia sanduku la mitungi ya gesi, mabomba ya dizeli, nyaya za betri, na king'ora cha gesi ya sumu isiyoonekana (kaboni monoksidi) kilichofanywa lazima tangu Aprili 2019. Bila cheti cha ukaguzi, ambacho hudumu miaka minne, boti haipewi leseni. Zamani kijana akiniuliza hivyo nilimweleza kwanza habari za baridi ya Januari, choo na makaa. Siku hizi naanza na leseni, yaani ada ya kila mwaka ya kuruhusiwa kuweka boti mferejini, kwa sababu hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibikia.

Kwetu mfereji ni bomba la maji ya kunywa, au mtaro wa kumwagilia shamba. Huku ni njia ya usafiri iliyochimbwa kwa majembe na mikono. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester, na baada ya hapo nchi nzima ikaingiwa na homa ya kuchimba. Mifereji mingi ya katikati ya nchi ilijengewa loki nyembamba. Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kinachopandisha boti mlimani au kuishusha. Upana wake ni kama mita 2.1 tu, na hiyo ndiyo sababu ya boti hizi kuwa nyembamba na ndefu kama penseli. Serikali iliitaifisha sehemu kubwa ya mifereji 1948. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 yaliigandisha kwa wiki nyingi, na mizigo iliyobaki ikahamia barabarani. Waliokuja baadaye ni watalii na wastaafu, na sasa kuna maelfu ya watu ambao boti ndiyo nyumba yao ya pekee.

Tangu Julai 2012 mifereji mingi ya England na Wales, yapata kilomita 3,200, iko chini ya shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya shirika la umma. Serikali ilipoikabidhi iliahidi ruzuku ya miaka 15, ambayo inafikia mwisho 2027. Ruzuku hiyo ni takriban pauni milioni 52 kwa mwaka, na kwa miaka hii ya mwisho imesimama palepale huku bei ya chuma, mbao na mafundi ikipanda. Julai 2023 serikali ikatangaza kitakachofuata: pauni milioni 401 kwa miaka kumi, zikipungua kwa asilimia 5 kila mwaka. Trust yenyewe ilipiga hesabu kwamba ukiweka mfumuko wa bei, pengo linazidi pauni milioni 300. Mtu asiyeijua tarehe hiyo ya Julai 2023 ataona ada inapanda kwa uchoyo wa mtu fulani ofisini. Ada inapanda kwa sababu serikali inajitoa polepole, na anayebaki mezani ndiye anayeletewa bili.

Sasa tarakimu. Aprili 2022 leseni ilipanda asilimia 4. Oktoba mwaka huohuo ikapanda asilimia 4 nyingine. Aprili 2023 ikapanda 9, na Aprili 2024 ikapanda 6. Leseni hukadiriwa kwa ukubwa wa boti, lakini tufanye hesabu kwa boti iliyokuwa ikilipa pauni 1,000 kabla ya Aprili 2022. Kufikia Aprili 2024 boti hiyohiyo, injini ileile, dirisha lilelile linalovuja, inadaiwa pauni 1,250 hivi. Na Trust imesema wazi kwamba kwa miaka kumi ada itaendelea kupanda kuliko mfumuko wa bei.

Hiyo ni kwa mwenye maegesho ya kudumu, yaani mahali pake maalumu pa kufungia boti. Asiye nayo ana nyongeza juu yake, na hapa naomba unisikilize kwa makini wewe unayetaka kununua boti, kwa sababu karibu kila anayeniandikia anapanga kuishi bila maegesho. Maegesho ya kudumu London ni machache na hugharimu maelfu ya pauni kwa mwaka. Sheria ya 1995 ya mifereji inatoa njia nyingine: unaweza kupewa leseni bila maegesho, mradi boti inasafiri kwa kweli na haikai mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa pale ambapo hali inafanya muda mrefu zaidi kuwa wa haki. Watu hawa ni wahamaji wa majini. Kila wiki mbili wanafungua kamba na kusogea. Mtoto anabadilisha njia ya kwenda shule, na mgonjwa anatafuta upya kituo cha basi la hospitali.

Aprili 2024 wahamaji walianza kulipa asilimia 5 zaidi ya wenzao. Mpango uliotangazwa ni nyongeza hiyo kukua kwa asilimia 5 kila mwaka hadi ifike 25 mwaka 2028. Rudi kwenye boti yetu ya mfano. Hata ada ya msingi ingegandishwa hapo ilipokuwa 2024, mhamaji wake 2028 angelipa pauni 1,562. Na ada ya msingi haijagandishwa. Ikiwa boti ni pana, zaidi ya mita 2.16, kuna nyongeza nyingine ya upana. Vijana wengi hupenda boti pana kwa sababu ndani inafanana na nyumba. Wajue kwamba upana huo unalipiwa kila mwaka, na kwamba boti hiyo haiwezi kupenya loki nyembamba za Birmingham hata ufanye nini.

Hoja ya Trust ya kutoza nyongeza hii ni kwamba mhamaji anautumia mtandao wa maji mwaka mzima, lakini hachangii chochote kupitia maegesho. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Asiyekuwa na maegesho hutegemea zaidi mabomba ya maji safi, mapipa ya taka na mahali pa kumwaga choo. Lakini nimeingia kwenye mamia ya boti hizi, nikafungua mbao za sakafu na kuona watu wanavyoishi, na siwezi kukubali kwamba mzigo huu umewekwa pale unapostahili. Wengi wa wahamaji walikuja majini kwa sababu nchi kavu iliwashinda bei. Mwenye boti ya wikendi iliyofungwa kwenye gati zuri hataumia kama anavyoumia mlezi wa wazee anayelala kwenye boti ya miaka 40. Chama cha kutetea wahamaji, National Bargee Travellers Association, kimepinga nyongeza hii tangu mwanzo, na mimi naona kina haki.

Tena wanaofaidi mifereji kwa wingi hawana boti kabisa. Simama asubuhi kwenye njia ya kandokando ya mfereji, ile waliyopita farasi wakivuta boti zamani. Utaona wakimbiaji, waendesha baiskeli, wazazi na vigari vya watoto, wavuvi wachache. Mifereji inapokea maji ya mvua ya miji, na chini ya njia hizo zimepita nyaya za mawasiliano. Leseni za boti ni kama 35,000 tu. Huwezi kuwabebesha watu 35,000 urithi wa miaka 250 unaotumiwa na mamilioni.

Nao urithi huu ni wa gharama ya kutisha, hilo silikatai. Mlango wa loki hutengenezwa kwa mwaloni, una uzito wa tani kadhaa, na hudumu kama miaka 25 tu kwa sababu muda wote uko majini. Hautengenezwi kiwandani kwa mamia. Kila mmoja huchongwa kwa vipimo vya loki yake, maana hakuna loki mbili zinazofanana kabisa. Pale Caen Hill, Devizes, kuna loki 29 zikipanda kilima mfululizo, na kila moja ina milango yake. Halafu kuna maji. Boti moja ikipita loki nyembamba hushusha zaidi ya lita 100,000, na maji hayo lazima yatoke mahali, yaani mabwawa ya zamani yaliyoko milimani. Agosti 2019 sehemu ya bwawa la Toddbrook, lililojengwa karne ya 19, ilimomonyoka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa kwa hofu ya ukuta kupasuka. Kiangazi cha 2025 kikaleta kinyume chake: ukame, mabwawa yakashuka, na mifereji kadhaa ikafungwa kwa usafiri. Bwawa likipasuka watakaozolewa ni watu wa mjini wasiomiliki hata kasia. Kulitunza ni kazi ya taifa.

Kwa anayetaka kununua hata hivyo, ushauri wangu ni huu. Omba cheti cha usalama cha boti na usome tarehe ya mwisho wake kabla ya kulipa hata pauni moja. Cheti kikikaribia kuisha, weka akiba ya ukaguzi na ya matengenezo, kwa maana sijawahi kukagua boti kuukuu nisikute la kurekebisha. Bima nayo ni sharti la leseni. Pima urefu na upana mwenyewe kwa futi kamba, usitegemee tangazo la muuzaji. Leseni inaweza kulipwa kwa awamu za kila mwezi, lakini usiiache ichelewe: boti isiyo na leseni inaweza kuondolewa majini kisheria, na hiyo ni nyumba yako inayovutwa. Ukiwa mhamaji, andika kwenye daftari kila ulipofunga kamba na tarehe. Ukiugua, au una ujauzito, au unauguza mzazi, waandikie Trust mapema uombe muda zaidi kwa maandishi. Sheria inaruhusu muda zaidi pale inapokuwa haki, lakini lazima uuombe.

Mwaka 2024 nilikagua boti ya nesi mstaafu, mhamaji, karibu na Braunston. Kila kitu kilikuwa safi: mpira wa gesi mpya, kizima moto kimetundikwa mahali pake, betri zimefungwa barabara. Nilipomkabidhi cheti alitazama tarehe ya mwisho, akaenda kwenye kabati, akatoa barua ya nyongeza ya ada na kuziweka karatasi mbili pamoja mezani. Cheti kinaisha 2028, mwaka uleule nyongeza inapofika asilimia 25. Akaniuliza kama nitakuwa bado nafanya kazi hii. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nipige simu kwanza kabla ya kuja, kwa sababu hana hakika kama atakuwa bado anaishi majini.